Kutoka Beki wa Kati hadi Kocha Mkuu: Njia ya Ibrahim Sekagya

Ibrahim Sekagya, beki wa kati aliyezaliwa Kampala mwaka 1980, alicheza soka la kulipwa Amerika Kusini, Ulaya na Amerika Kaskazini kabla ya kuwa kocha. Argentina alizichezea Ferro Carril Oeste na Arsenal de Sarandí. Mwaka 2007 alihamia Red Bull Salzburg ya Austria, akatwaa nayo ubingwa wa ligi mara tatu: 2009, 2010 na 2012. Alikuwa nahodha wa timu ya taifa, Uganda Cranes, hadi Oktoba 2011, alipostaafu kuichezea baada ya sare chungu ya 0-0 na Kenya kwenye Uwanja wa Namboole, iliyoinyima Uganda tiketi ya AFCON 2012.

Hatua iliyomfungulia mlango wa ukocha ni ya mwaka 2013, alipokwenda New York Red Bulls. Klabu hiyo ilikuwa chini ya kampuni ya Red Bull, sawa na Salzburg, na falsafa ya uchezaji ilifanana. Alipotundika daluga baada ya msimu wa 2014 hakutafuta timu kubwa ya kuifundisha. Alibaki klabuni, akaanza kama kocha msaidizi wa timu ya pili, New York Red Bulls II.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Nchini Marekani, kijana wa miaka 18 hadi 22 mara nyingi hukulia katika timu ya chuo kikuu, kisha husajiliwa na klabu. Timu za pili zinahudumia rika hilohilo, na Red Bulls II imewahi kutumia uwanja wa Chuo Kikuu cha Montclair State kwa mechi za nyumbani. Kocha wa timu ya namna hii hapimwi kwa pointi pekee. Anapimwa kwa wachezaji anaowapandisha. Beki Aaron Long ni mfano mzuri. Mwaka 2016 aliichezea timu hiyo ya pili, akapandishwa, na mwaka 2018 akachaguliwa beki bora wa MLS, ligi kuu ya huko. Kwa beki wa zamani, hapo ndipo ujuzi wa kusoma mchezo, kupanga mstari wa nyuma na kujua wakati wa kupanda unapogeuka kuwa somo la kila siku mazoezini. Sekagya alipitia miaka ya usaidizi kabla ya kuwa kocha mkuu wa timu hiyo katika msimu wa 2023.

Nchini Tanzania, mji wa Babati una muundo unaokaribiana na huo wa klabu kushirikiana na taasisi ya elimu. Klabu ya Fountain Gate, iliyoutumia Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, ina uhusiano na shule za jina hilo, ambazo timu yao ya wasichana ilitwaa ubingwa wa shule za Afrika huko Durban mwaka 2023. Mchezaji anayestaafu mjini humo anaweza, kama Sekagya, kuanza na timu ya shule, akasaka leseni za CAF daraja kwa daraja huku akiendelea kufundisha.