Kama Nilivyopokea

Ziko tabia nyingi za kuudhi katika mitandao ya jamii, na watu hawakubaliani ni ipi iliyo mbaya kupita nyingine. Wako wanaotuma picha ya ua kila alfajiri badala ya salamu. Wako wanaomtia mtu katika kundi bila ya kumpigia hodi. Wako wanaosema na simu dakika kumi, wakamwachia msikilizaji kazi ya kutafuta haja yao ndani ya kikohozi na kelele za barabara. Haya ni makosa ya adabu, na mwenye subira huyastahimili. Lakini liko moja lililo kosa la fasihi, na mhakiki hawezi kulipita kimya: kupeleka mbele maneno ya mtu hali jina lake limekatwa, na chini pameandikwa "kama nilivyopokea".

Maneno hayo mawili yafaa kutazamwa. Pwani yetu yajua sana maana ya kupokea. Anayesimulia hadithi ya Mtume humtaja aliyempa, na aliyempa huyo, mpaka mlolongo ufike mwanzo wake. Mpokezi mmoja akiwa mwongo au msahaulifu, habari yote hudhoofika. Kupokea, basi, ni kubeba dhamana. Mtumaji wa leo ameliazima neno la wanavyuoni akalipindua: hasemi amepokea ili ijulikane amepokea kwa nani, bali ili asiulizwe.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalikaa zaidi vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua aliyakumbuka, W. E. Taylor akayaandika kwa msaada wake, na mwaka 1940 W. Hichens akayatoa katika diwani. Sisemi kwamba kila ubeti ulifika salama, maana vifua navyo husahau. Walakini katika miaka mia ile, kwa vinywa vile vyote, jina la Muyaka halikuanguka njiani. Shairi la leo laweza kumpoteza mtunzi wake kabla ya adhuhuri.

Husemwa kuwa huu ni uvivu tu. Siamini. Watunzi wetu wengi wana desturi ya kujitaja katika beti za tamati, na kuukata ubeti wa mwisho ni kazi. Kidole hakiukati kwa bahati. Wengine hujitetea kwa methali, kwamba nazo hazina mwenyewe. Methali haina mwenyewe kwa kuwa imesuguliwa na vizazi; shairi la juzi halina mwenyewe kwa kuwa limenyang'anywa.

Hasara yake si ya mtunzi peke yake. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, washairi walijibizana, na hata aliyejificha nyuma ya lakabu alikuwa na jina la kuitwa ulingoni. Shairi lisilo na mtu halijibiwi. Hupongezwa kwa vidole gumba, kisha husukumwa mbele.

Na ubaya huo una ndugu yake, yaani kumtwika mtu maneno asiyoyasema. Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, hubandikiwa kila wosia ambao mtumaji ameupenda. Huyu ndiye aliyeifasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 chini ya jina la Julius Caezar, kisha akairudia na kuisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969 kuwa Juliasi Kaizari. Mtu aliyeshindana na tafsiri yake mwenyewe hivyo leo huvishwa sentensi ambazo mwanafunzi wa kidato cha pili angezionea haya.

Wenye WhatsApp wamejaribu dawa. Mwaka 2018 waliweka alama juu ya ujumbe uliopelekwa mbele; mwaka 2019 wakaweka mpaka wa mazungumzo matano kwa mara moja; mwaka 2020 ujumbe uliokwisha pita mikono mingi ukaruhusiwa kwenda penye zungumzo moja tu. Dawa hizi zapunguza mbio, hazirudishi jina. Alama husema kuwa ujumbe umesafiri, haisemi umetoka kwa nani, na anayenakili na kubandika upya huifuta hata alama yenyewe.

Atakayetaka siku moja kukusanya diwani ya miaka yetu hii hatapata taabu aliyoipata Taylor. Atakuta beti maelfu, kila mmoja na tarehe na saa ya kupokewa kwake mpaka dakika, na pa mtunzi patupu.