Mkono Usio na Pupa

Seremala tunamsifu kwa anavyochonga. Huyu fundi wa diski namsifu kwa aliyoyaacha bila kuyagusa.

Aliletewa boksi la studio ya picha, diski nne ndani, halifunguki. Kabla ya kuwasha chochote alibandika plasta juu ya kila diski, akaandika kwa kalamu nene: 0, 1, 2, 3. Mpangilio ukivurugika, kila picha itatoka vipandevipande. Kisha akauliza, "Ipi ilikufa kwanza?" Mwenye studio akakuna kichwa. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka tangu Ramadhani, lakini kazi zilikuwa zinaendelea, nani angejali?

Ndiyo hila ya RAID, mpangilio wa diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja: moja ikifa, kazi huendelea. Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliieleza katika makala ya 1988. Herufi ya I ilimaanisha "za bei nafuu", wauzaji wakaja kuigeuza iwe "zinazojitegemea", bila haya. Hesabu ya aina yake ya tano, kama ya boksi hili, ni nyepesi. Diski tatu zina 1, 0, 1. Ya nne huandikiwa tarakimu itakayofanya idadi ya moja iwe shufwa, yaani 0. Ya pili ikifa, tazama zilizobaki: moja ziko mbili, tayari shufwa, basi iliyopotea ni 0. Zikifa mbili, hesabu haina la kusema.

Hapo mwenye pupa hubonyeza "jenga upya", na diski iliyokufa zamani, yenye habari zilizochacha, huharibu zilizo nzima. Fundi wetu aliiweka kando namba 1, ile iliyokufa kwanza. Zile tatu akazinakili kwa ddrescue, programu inayochukua kwanza yanayosomeka, inaruka mabovu, inaweka kumbukumbu ya kila ilipokwama, halafu inayarudia. Namba 2 ilikuwa ikigonga, tk, tk, kichwa chake kikielea nanomita chache tu juu ya sahani. Alipoisikia hivyo aliizima, akaiacha ipoe. Kwenye zile za asili hakuandika hata herufi moja.

Siku ya tatu aliunganisha nakala, si diski zenyewe. Picha ikafunguka: mkono wa bibi harusi, hina imekolea hadi kwenye kiwiko, na chini yake kijivu kitupu. Mwenye studio alishangilia. Fundi alikitazama kile kijivu, akairudisha namba 2 kwenye waya wake, akaiamuru isome kinyumenyume.