Pikipiki Mpya Bado Haijasema

Katika maandiko yote ambayo vijana wenzetu wanayaleta kwenye vikao vya kusomeana, andiko la pikipiki mpya ndilo linaloanza kwa mbwembwe nyingi na kuishiwa pumzi mapema. Aya ya kwanza kijana kakabidhiwa ufunguo. Aya ya pili upepo unampapasa uso. Aya ya tatu chombo kinachanja mbuga kama mshale, wasichana kituoni wanageuza shingo, na basi, mwandishi kamaliza. Ukimwuliza, ndugu yangu, hiyo pikipiki ilikuwa na tabia gani, atakutazama kama vile umemwuliza bei ya ugali mwezini.

Mimi nasema tatizo ni la kalamu, si la chombo. Tena linafaa kuchambuliwa, kwani habari ya mtu na pikipiki yake si jambo dogo katika fasihi. Wamo watu walioiandika vizuri hasa, na wamo walioiandika kwa majigambo matupu wakasifiwa vilevile.

Lakini tuanze na chuma chenyewe, maana hapo ndipo waandishi wetu wanapopatoroka. Pikipiki iliyotoka dukani haijawa yenyewe. Ringi za pistoni bado hazijakaa sawasawa kwenye ukuta wa silinda. Zinahitaji kusuguana nao kwa kilomita mamia kadhaa ndipo zizibe vizuri. Ndiyo maana kile kijitabu kinachokuja na chombo (kile ambacho wengi wetu tunakitupa chini ya godoro) humtaka mwenye mali asiikamue injini siku za mwanzo, asing'ang'anie mwendo mmoja kwa muda mrefu, na amwage oili ya kwanza mapema, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa sababu oili hiyo imebeba unga wa chuma. Taili mpya nazo zina utelezi mpaka uso wake uparuzwe na barabara. Breki hazijashika barabara. Cheni italegea, itataka kukazwa.

Kwa hiyo yule kijana wa mshale ama ametudanganya, ama anaiua injini yake mbele ya macho yetu. Yote mawili ni hadithi tamu, bwana, ila mwandishi mwenyewe hakuona kwamba anayo! Hebu fikiri: una kitu ulichokitamani miaka miwili, umekipata, na amri ya kwanza unayopewa ni kutokukitumia. Mkono wa kulia unawasha kwa hamu ya kuvuta moto, masikio yanasikiliza kila mlio usiouelewa, na bajaji za mizigo zinakupita. Hayo ndiyo mapanda ya kwanza ya kweli.

Sasa twende kwa waliotangulia. T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, baadaye alijificha katika jeshi la anga kama askari wa kawaida, akaandika kitabu kiitwacho The Mint, ambacho kilitolewa hadharani mwaka 1955, miaka 20 baada ya kifo chake. Humo mna sura moja fupi juu ya barabara. Lawrence amepanda Brough Superior yake, aliyoipa jina la Boanerges, wana wa ngurumo wa kwenye Injili, na anashindana na ndege ya Bristol inayopita juu yake kuelekea Lincoln. Sura hiyo inatumika sana kama mfano wa uandishi wa kasi. Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Huyu bwana anakijua chombo chake. Anajua kinavyotetemeka katika mwendo upi, barabara ina mashimo wapi, mkono unachoka lini. Na baada ya mbio zote anazunguka kutafuta vyakula vizuri vya kwenda kula na wenzake bwenini! Shujaa mzima anahangaikia kitoweo. Waandishi wetu wangeifuta sehemu hiyo kwa kuogopa kwamba inamshusha mhusika.

Mwezi Mei 1935 Lawrence alipata ajali karibu na nyumba yake ya Clouds Hill, akijaribu kuwakwepa vijana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, na baada ya siku sita akafa. Hakuwa na helmeti. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuiacha habari hiyo iishie makaburini: alichunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha makala yaliyosaidia kuwavisha helmeti askari wa pikipiki wa Uingereza. Kwa hiyo kila ukiisoma ile sura tamu ya mbio na ndege, makala ya daktari yamekaa pembeni yanakusubiri. Sijui kusoma moja bila ya nyingine, na wala sitaki kujifunza.

Hunter S. Thompson wa Marekani ndiye mtu wa mapanda ya kwanza hasa. Mwaka 1995 aliandika katika jarida la Cycle World habari ya kuijaribu Ducati nyekundu, kwa lugha ya kupiga kelele na kujicheka papo hapo. Inachekesha kweli. Lakini angalia: chombo ni cha kuazima. Hana deni nacho, kesho kinarudi kwa wenyewe. Vijana wanaomwiga Thompson wanachukua zile kelele na kuisahau hali iliyozizaa, yaani mtu aliye na uwezo wa kukiharibu kitu asichokilipia.

Ernesto Guevara, Che, yeye alisafiri mwaka 1952 na rafiki yake Alberto Granado juu ya Norton ya cc 500 iliyokuwa mali ya Granado. Walianguka mara nyingi mno, na ilipofika Chile chombo kikafa kabisa. Sehemu kubwa ya safari ile ni ya kuomba lifti na kudandia. Hata hivyo watu wanakiita kitabu kile shajara ya pikipiki, na filamu ya mwaka 2004 ikalishikilia jina hilo. Jina linauza!

Nani basi aliyeandika vizuri zaidi juu ya pikipiki mpya? Kwa maoni yangu ni Robert Pirsig, ingawa pikipiki anayoipanda yeye ni kuukuu. Kitabu chake cha mwaka 1974 kimetokana na safari ya mwaka 1968 kutoka Minnesota hadi California, akiwa amempakia mwanawe Chris. Kina falsafa nyingi, kurasa nyingine zinachosha, nakiri niliziruka. Lakini mna kisa kimoja kidogo ambacho kila kijana anayetaka kuandika akisome mara tatu. Rafiki yake John ana BMW mpya ya bei mbaya, na usukani umelegea. Pirsig anampa dawa rahisi: tukate kipande cha bati kutoka kopo la bia, tukichomeke, tukaze, mambo yamekwisha. John hataki. Atakiwekaje kipande cha kopo kwenye BMW? Hapo urafiki unaingia ufa, wote wawili wanauona, na hakuna anayepandisha sauti. Kwa bati tu la kopo tumejua mtu huyu anakionaje chombo chake, fedha zake na nafsi yake. Hakuna upepo uliompapasa mtu uso.

Fundi yeyote wa chini ya mwembe angecheka. Yeye angekata kipande cha tyubu kuukuu, akakichomeka, akadai buku lake. Lakini usidhani sisi hatuna akina John. Tazama pikipiki mpya za mjini zinavyotembea miezi na nailoni ya kiwandani juu ya siti, imechanika vipande, inapeperuka, na mwenyewe hataki uiguse.

Na hapa kwetu pana jambo ambalo wale wote wanne hawakuwa nalo. Pikipiki mpya nyingi hazinunuliwi na yule anayezipanda. Kijana anapewa ya mkataba: atapeleka hesabu kila siku au kila wiki, mwaka mmoja au zaidi, ndipo iwe yake. Sasa rudi kwenye zile ringi za pistoni. Kijitabu kinasema nenda polepole kilomita 500 za kwanza. Bosi anasema hesabu inaanza leo. Abiria anasema twende, nimechelewa, tena mwenzangu naye apande, tupige mishikaki. Injini inataka subira ambayo hakuna aliyemlipa kijana awe nayo. Akiikamua leo anapata hesabu ya leo, ila chombo anachokichakaza ndicho atakachorithi mkataba ukiisha. Akiibembeleza, jioni anakosa. Nipe tanzia gani nzuri kuliko hiyo? Nimesoma hadithi nyingi za bodaboda, zina wezi, mapenzi na ajali, hii sijaiona.

Kuna na suala la masikio. Jina lenyewe pikipiki ni tanakali, limezaliwa na mlio. Lugha yetu ilikisikia chombo kabla ya kukipa maana. Leo hii mwandishi anaipandisha Boxer ya cc 100 inayoguguma pole pole na kutuambia ilinguruma kama simba! Simba gani huyo wa lita mbili za petroli? Chombo cha silinda moja kikiwa nyutro kina mlio wake, ukikiingiza gia ya kwanza kina mguno wake, na cheni isiyokazwa ina ugomvi wake kwenye bampu. Mwandishi anayetumia simba hakusikiliza.

Basi mwenye hadithi ya siku kumi za kwanza za mkataba na ailete. Iwe na namba za kwenye mita, kiasi cha oili, bosi anayepiga simu saa moja usiku, na nailoni ya siti. Hata ikiwa kurasa nne za daftari zilizoandikwa kwa mwandiko wa kuku, nitaisoma kabla ya zote zilizopigwa chapa.