Nyigu wa mabua na hesabu ya joto

Chilo partellus, funza wa mabua mwenye asili ya Asia, hustawi kwenye nyanda zenye joto. Mwaka 1993 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilimwachia pwani ya Kenya adui yake wa huko huko Asia: Cotesia flavipes, nyigu wa milimita chache aliyetolewa Pakistani. Akaota mizizi. Je, angefaa kwa mtama wa Mwanhuzi, wilayani Meatu, Tanzania?

Jike hufuata harufu ya kinyesi cha funza, akapenya tundu la bua na kumdunga mayai kwa makumi. Funza huendelea kula huku akiliwa ndani kwa ndani. Hatimaye watoto wa nyigu hutoboa ngozi yake na kusuka vifuko vyeupe vilivyorundikana kando ya mzoga.

Kupima athari ya joto, watafiti huwafuga wadudu hao kwenye makabati, kila moja na nyuzi zake, wakahesabu siku za kukua. Hapo hupatikana kizingiti ambacho chini yake ukuaji husimama. Tuseme kizingiti ni nyuzi 10: siku ya nyuzi 25 imeingiza 15 kwenye akaunti ya mdudu. Funza ana hesabu yake, nyigu ana yake, na joto likipanda hazipandi sawia. Utafiti wa Mwalusepo na wenzake wa 2015, uliohusu Kilimanjaro na milima ya Taita, ulitumia mahesabu ya aina hiyo kutazama hadi 2055, ukaonya kwamba uhusiano wa funza na nyigu wake unaweza kuvurugika.

Mimi kabati silikatai, ila lina upofu wake. Joto lake halibadiliki, wakati shambani mchana huunguza na usiku hupoa. Tena funza amejificha buani; nyigu mzima yuko nje juani, na umri wake ni siku chache tu, ambazo joto huzipunguza zaidi.

Kwa Meatu kuna kikwazo kingine kisichoonekana kabatini. Kiangazi ni kirefu, na baada ya mavuno ng'ombe huingizwa shambani kula mabua. Funza aliyelala humo huliwa, na nyigu hukosa mwenyeji. Msimu unaofuata huanza na nyigu wachache, nao hawana haja na funza mchanga aliye bado majanini. Humsubiri akue, aingie buani. Kwa hiyo kipimo ninachokitaka kwanza Mwanhuzi ni cha kiangazi: nyigu wangapi wanavuka hadi mvua, na kwenye funza wa nyasi zipi.