Mkoromo wa Gitaa Si Kasoro

Mwanafunzi akitakiwa kueleza kwa maandishi sauti ya gitaa la umeme, aghalabu husema kuwa ni tamu, au kuwa imeharibika kwa sababu inakoroma. Hukumu hii ya pili haituridhishi, hasa inapotolewa Arua au Koboko, miji iliyo karibu na mpaka wa Kongo, ambako rumba ya Kinshasa imesikilizwa kwa miaka mingi.

Tuutazame mtambo wenyewe. Katika kikuza sauti cha vali, noti ina mgoto wake wa kwanza, kisha huchanua. Uzi ukipigwa kwa nguvu, vali za mwisho hudai umeme mwingi kwa ghafla. Na pale ambapo umeme huo hunyooshwa na vali nyingine badala ya dayodi, volti hushuka kitambo kidogo, kisha hupanda tena. Kwa hiyo kichwa cha noti hubanwa, na mwili wake hufura baada ya ukucha kuuacha uzi. Mpigaji akizidisha nguvu, kilele cha wimbi la sauti hupinda pole pole kabla ya kukatwa, ndipo mkoromo unapoingia. Kikuza sauti cha transista kwa kawaida hukata kwa ukali zaidi.

Ni dhahiri, basi, kuwa mtambo ni sehemu ya ala. Hata umeme wa mji humo! Kabla ya kituo cha Nyagak, chenye megawati 3.5, kuanza kazi mwaka 2012, Arua ilitegemea jenereta. Na volti za ukutani zikipungua, vali hulegea na mkoromo huwahi.

Wanaodai kuwa mkoromo huo ni uharibifu ulioletwa na mitambo ya kigeni wamelisahau likembe. Ala hiyo iliwafikia Waalur kutoka Kongo, na vijiti vyake vya chuma huvishwa vikuku vidogo kwa makusudi, ili kila noti ije na mtetemo wa kukwaruza. Hatujapata kumsikia mzee akisema likembe ni bovu kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, hatusemi kuwa kila mkoromo unafaa. Katika gitaa la Docteur Nico, aliyefariki mwaka 1985, mgoto ni safi na kila noti husimama peke yake; mkoromo mzito hapo ungeyafunika magitaa mengine yanayojibizana nalo.