Rupia ya Mjerumani Bungu: Bei Huanzia Kwenye Mizani

Kata ya Bungu iko milimani Usambara, wilayani Korogwe, na rupia ya Mjerumani ilipanda huko kupitia ujira wa mashambani na kodi. Ikitoka leo kwenye kasha la marehemu babu, hukutana na bei mbili mbovu. Sonara huiona ni fedha ya kuyeyusha tu. Dalali huja na habari za zebaki na rupia inayovuta punje za mchele, akitaja mamilioni ambayo hakuna atakayeyalipa. Thamani yake haipatikani kwa kugawanya tofauti ya wawili hao. Inatafutwa upya, kuanzia kwenye mizani.

Rupia hiyo ilipigwa kwa kipimo cha rupia ya Kihindi: gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 917 ni fedha halisi. Zidisha, utapata gramu 10.69 za fedha. Zidisha tena kwa bei ya gramu moja siku hiyo. Soko la dunia hutaja bei kwa wakia, ambayo kwa madini ni gramu 31.1. Hapo umepata kima cha chini, ambacho hupaswi kuuza chini yake. Wanaothamini dola za kale za Marekani huanza vivyo hivyo: dola ya Morgan, yenye gramu 26.73 na fedha 900 kwa 1,000, ina gramu 24.06 za fedha halisi. Shilingi ya simba, iliyopigwa na Waingereza mwaka 1921 hadi 1946, ni robo tu fedha, yaani gramu 1.94. Kwa hiyo rupia moja ina fedha ya shilingi tano na nusu za aina hiyo, na anayenunua zote kwa bei moja anakupunja.

Uzito peke yake unaweza kughushiwa, lakini maji hayahongwi. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu, irudishe kwenye sifuri, kisha uning'inize sarafu kwa uzi mpaka izame yote bila kugusa kikombe. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Rupia halali husukuma karibu gramu 1.13. Ikisukuma 1.3 au zaidi huku ikiwa na uzito uleule, ndani mna madini mengine. Iliyochakaa itapungua uzito kidogo, na hilo ni la kawaida.

Baada ya hapo ndipo unaongeza juu ya kima hicho, tena kwa kinachoonekana tu. Zile za mwaka 1890 hadi 1902 zina jina la kampuni ya Kijerumani pamoja na simba na mnazi. Kuanzia 1904 jina la kampuni halipo, na herufi A ni ya Berlin, J ya Hamburg. Rupia moja ya kawaida si adimu. Ya rupia mbili, ya 1893 au 1894, ni adimu kwelikweli. Kisha tazama tai aliye juu ya kofia ya Kaizari: manyoya yakisomeka, bei inapanda. Ndiyo maana nawasihi wenye sarafu wasizisugue kwa majivu, mchanga wala limau. Weusi wa fedha ya kale haupunguzi kitu. Mikwaruzo ndiyo inayofukuza wakusanyaji, na haifutiki.

Dhahabu inahitaji ukali zaidi. Mwaka 1916, Waingereza wakiwa wamefunga njia ya bahari, Wajerumani walipiga sarafu ya rupia 15 katika karakana ya reli Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke: tembo mbele ya milima, herufi T chini. Zilipigwa 16,198 tu. Kila moja ina gramu 7.17, robo tatu dhahabu, yaani gramu 5.38 halisi, na wakusanyaji huilipia zaidi ya dhahabu yake. Sasa angalia tarehe. Korogwe na Handeni zilitekwa na Waingereza mwezi Juni mwaka huohuo, na Tabora iko mbali magharibi. Anayesema Mjerumani aliifukia Bungu alipokuwa akikimbia anakupa simulizi yenye nafasi finyu mno ya kuwa kweli. Inawezekana ililetwa baadaye na mtu mwingine, kwa hiyo usiikatae kwa simulizi wala usiinunue kwa simulizi. Izamishe. Ya Tabora husukuma maji chini ya nusu gramu. Ya shaba yenye uzito huohuo itasukuma zaidi ya 0.8.