Maoni ya Magazeti: Mjadala wa Nani?

Serikali ilipolitaifisha gazeti la Standard mwezi Februari 1970, Mwalimu Nyerere aliliwekea mwongozo ambao makada wengi huutaja bila kuusoma. Uliliruhusu gazeti hilo la umma kumkosoa kiongozi yeyote, na kushiriki mabishano juu ya mapendekezo ya Serikali na hata ya TANU. Tunalikazia neno hilo, mabishano. Wanafunzi wetu huinakili tahariri madaftarini kana kwamba ni azimio la Halmashauri Kuu. Hayo ni makosa. Tahariri ni hoja, na hoja hujibiwa.

Mjadala wa utalii wa mwaka huohuo 1970 unatosha kutuonyesha. Vijana wa TANU, tawi la Chuo Kikuu, walihoji katika kurasa za Standard kama kuwajengea wageni mahoteli kunapatana na ujamaa. Watetezi wa utalii wakajibu kwamba nchi inahitaji fedha za kigeni. Vijana wakarudi: fedha hizo zinamfaidia nani, na zinatufunga kwa nani? Kuuliza si usaliti. Issa Shivji aliikusanya michango hiyo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973, nasi bado tunakifundishia.

Lakini tusijidanganye. Mwezi Julai 1971 gazeti liliandika tahariri kali dhidi ya Nimeiry wa Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti, na mhariri, Frene Ginwala, akaondolewa. Wako wanaosema kuwa gazeti la umma halina haki ya kugombanisha nchi na nchi nyingine. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, kwa maoni yetu, tahariri ile ilistahili kujibiwa kwa tahariri nyingine. Mhariri aliyechukua kiti hicho baadaye alijifunza nini?

Kilema kikubwa zaidi, ambacho wasomi wetu hawapendi kukigusa, ni lugha. Mjadala ule wote wa utalii uliendeshwa kwa Kiingereza, na kitabu chake pia. Mbeba mizigo wa hoteli, ambaye jasho lake ndilo lililokuwa likibishaniwa, alikuwa akisoma Uhuru au Ngurumo, kama alisoma. Aliamuliwa na pande zote mbili. Wote walimwita mfanyakazi, na wote walizungumza bila yeye kusikia.